Sakafu Iliyozidi Kupanda

Wiki ya kwanza ya Oktoba, Verlyn Haugrud alishuka kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake akiwa na mkasi, selotepu pana na vipande vinne vya nailoni. Alipiga magoti kwenye zege akavibandika kimoja kimoja, kingo zote nne, halafu akakaa akivitazama kama vile vitamjibu pale pale. Alitaka kujua kama zege lile linatoa jasho. Mtu ukitaka kuweka sakafu ya mbao juu ya zege la chini ya ardhi, jasho ndilo adui wa kwanza. Adui wa pili ni majirani, lakini hilo Verlyn alikuwa hajalijua bado.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Miaka thelathini na mmoja ya hiyo aliitumia kuendesha gari la kukwangua theluji barabarani, na ufundi wa mbao hakuwa nao. Fundi wa ukoo alikuwa kaka yake, Arlo, aliyejenga nusu ya mabanda na maghala unayoyaona ukipita njia ya kaskazini, na chumba hiki Verlyn alikuwa anamtengenezea huyo huyo Arlo. Ndiyo maana hata vipande vya nailoni alivipima mara mbili kabla ya kuvikata.

Mwezi Agosti, Arlo, na miaka yake sabini na minne, alipanda juu ya paa la banda kuziba tundu, akashuka haraka kuliko alivyopanda. Alivunjika mbavu nne na mkono mmoja. Daktari akasema asiishi peke yake tena. Shamba likapata mnunuzi, na mwisho wa Novemba nyumba ilitakiwa iwe tupu. Kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa saa mbili kwa gari, iliyokuwa imemwekea kitanda na kumpa mpaka Jumatatu ya katikati ya Novemba aseme anakuja au haji.

Na Verlyn alikuwa amebakiwa na mara moja tu ya kumwuliza.

Maana katika mji wa Nyhus, huku kwetu Minnesota, mtu akikupa kitu unakataa. Akikupa tena, unakataa tena. Akikupa mara ya tatu unapokea, kwa sababu sasa umejua anakupa kwa moyo. Ukiikataa na ya tatu, basi, maji yamemwagika, jambo hilo halitajwi tena mpaka mmoja wenu azikwe. Mtoto wa miaka minne anaijua sheria hii, na ukimpa biskuti atakutazama machoni akikuhesabia.

Mara ya kwanza Verlyn aliuliza hospitalini. "Unaweza kuja kukaa kwetu," alisema, akiwa anatazama dirisha. "Ah, hapana," alisema Arlo, naye akitazama dirisha lile lile. "Nitawasumbua." Mara ya pili ilikuwa Septemba, nje ya kanisa, na jibu likawa hilo hilo kwa maneno hayo hayo. Ikabaki ya tatu. Verlyn hakutaka kuitumia kabla chumba hakijawa tayari, kwa kuwa unamwulizaje mtu mara ya mwisho huku unamwonyesha zege linalotoa jasho? Na kumwomba Arlo ushauri wa sakafu nako kungekuwa ni kumwuliza kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo alinyamaza, akanunua selotepu.

Hili halikuwa jambo dogo kwake. Baba yao alikufa Verlyn akiwa na miaka minane. Arlo, kijana wa miaka kumi na sita, aliacha shule akashika shamba, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu, kunyoa ndevu, na kutoa trekta matopeni. Katika miaka hamsini na minane iliyofuata ndugu hawa hawakuwahi kuambiana neno moja la mapenzi. Waliambiana habari za mvua. Lakini Verlyn, kila akifikiria Arlo akila chakula cha jioni kwenye ukumbi wa watu asiowajua, mwendo wa saa mbili, alishindwa kumeza chake.

Siku mbili baadaye alibandua nailoni, akakuta matone chini yake, madogo, yamejaa kila kipande. Hakuvunjika moyo, alikuwa ameshasoma. Alichukua bahasha ya zamani akaandika mpango wake: chini kabisa nailoni nene yenye vinundu vya nusu inchi, ili unyevu upate pa kupita. Juu yake plaiwudi ya robo tatu inchi, ikazwe kwa skrubu za zege, iachwe nafasi ya nusu inchi ukutani ili mbao zipumue. Jumla, inchi moja na robo. Akampelekea mkewe, Marlys, aliyekuwa jikoni.

"Inchi moja na robo," alisoma Marlys. "Safi. Iache hivyo hivyo, Verlyn. Na usimruhusu Duane akanyage ngazi hizo."

"Duane hana neno."

"Duane? Duane hana kingine zaidi ya maneno."

Duane Skaar alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mfupi, mnene, mwenye moyo mzuri usiozuilika. Tayari alikuwa ameiona nailoni kupitia kidirisha cha chini, baada ya kulala kifudifudi kwenye majani ili aone vizuri. Kesho yake saa nne asubuhi alibisha hodi kurudisha ngazi ambayo hakuwahi kuazima.

"Naona unaweka sakafu," alisema, akishakuwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Kidogo tu."

"Ya Arlo?"

"Ikitokea."

"Una povu?"

"Sihitaji povu, Duane."

"Ah, mzee mwenzangu, zege ni barafu! Arlo atalala pale mifupa ipige muziki. Nina mabamba ya povu gumu la kuzuia baridi, unene inchi mbili, yalibaki nilipojenga banda la kuku. Chukua."

"Hapana bwana, yatakufaa mwenyewe."

"Yananizibia njia tu. Chukua."

"Hapana, usijisumbue."

Duane alikunywa kahawa yake taratibu, akazungumzia bei ya bitiruti, akasifu keki ya Marlys, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka. "Nimeshayapakia kwenye gari," alisema.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Jikoni, Marlys aliacha kuosha sahani. Verlyn aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akatamka maneno ambayo watu wa Nyhus huyatamka wakiwa wameshikwa koo. "Basi, kama haitakuwa taabu."

Povu likaingia, inchi mbili, na manyoya machache ya kuku juu yake.

Aliyefuata alikuwa Gordy, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye Verlyn alimwendea kununua plaiwudi tu. Gordy alikuwa mtu wa kufuata mali yake mpaka ndani. Alileta plaiwudi mwenyewe, akashuka nayo chini, akatoa gololi mfukoni, akaiweka kwenye zege. Gololi ikaondoka, ikazunguka tanuri la kupasha nyumba joto, ikajitumbukiza kwenye tundu la kutolea maji.

"Umeona?" alisema Gordy, kwa huzuni ya daktari. "Zege linateremka. Ukiweka sakafu hivi hivi, Arlo atalala huku, ataamkia kule. Unahitaji mbao mbili kwa nne, zisimame kwa ubavu, uzinyanyue kwa kabari mpaka pimamaji iseme sawa."

"Zikisimama kwa ubavu, zikisharandwa, si ni inchi tatu na nusu?"

"Ndiyo hiyo."

Sasa, Gordy alikusudia mbao hizo zichukue nafasi ya povu. Povu aliliona halina maana yoyote. Lakini Duane alikuwa amesimama pale pale, na kikombe mkononi, na Gordy hakuzaliwa na mama wa kumfundisha kusema jambo kama hilo mbele ya mwenye povu.

"Povu la Duane ni zuri sana," alisema Gordy, akilitazama kama unavyomtazama mtoto wa mwenzako aliyekung'ata.

"Na wazo la Gordy la mbao ni zuri sana," alisema Duane, ambaye aliliona la kijinga.

Wote wawili wakamtazama Verlyn. Verlyn alikataa mara mbili, kwa adabu, akakubali ya tatu. Kwa hiyo vikawekwa vyote, nailoni, povu, na mbao juu ya povu. Kisha plaiwudi. Halafu Gordy akakumbuka ana plaiwudi nyingine zilizolowa pembeni kidogo, anazitoa bure, akazitaja Jumanne, akazitaja Jumatano, akazitaja Alhamisi. Ikapigwa plaiwudi ya pili juu ya ile ya kwanza. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo hiki hakikwenda mrama, kilikwenda juu.

Friza la mle chini ndilo lililoleta tatizo. Msimu wa kulungu ulikuwa umeshafunguliwa, na ndani ya friza alilala kulungu mzima wa Verlyn, nusu kulungu wa Duane, samaki wa tangu Januari, na pakiti kumi na moja za lefse, zile chapati za viazi za Krismasi. Halikunyanyulika, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema litolewe vitu. Wakajenga kulizunguka. Sakafu ilipokamilika, friza lilibaki shimoni, na Marlys akitaka njegere ilimbidi apige magoti ukingoni na kuinama kichwa chini.

"Nikifia humu," alisema siku moja, sauti ikitokea ndani ya baridi, "msinitoe. Fungeni mfuniko tu."

Mwisho alikuja Ardis, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye husemi naye bali husemeshwa. Kanisa lilikuwa limebadilisha zulia la darasa la watoto, na lile la zamani lilikuwa bado lina nguvu, ukiacha madoa matatu ya juisi ya zabibu. Alilileta pamoja na blanketi lake la kutandika chini, unene wa inchi nzima. Huyu hakutumia hata siku tatu. Alisema "chukua, chukua, chukua" pale pale mlangoni, kwa pumzi moja, na kisheria ikahesabika.

Jumamosi, siku moja kabla ya chakula cha mchana ambacho Arlo alikuwa amealikwa, Marlys alishuka na kapu la nguo. Alifika chini, mguu wake ukatafuta kipandio cha mwisho cha ngazi, ukakuta sakafu imeshafika, goti likampiga kidevuni. Nguo zikatawanyika.

"Verlyn," aliita, akiwa amekaa kitako kwenye zulia la kanisa. "Ngazi yetu ina vipandio vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Ilikuwa na kumi na viwili. Sasa ina kumi na kimoja."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu kwa goti!" Alisimama, akanyoosha mkono juu, akagusa dari kwa kiganja kizima, mwanamke ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akipanda kiti kubadilisha balbu. Akashusha mkono polepole. "Mume wangu. Arlo ana urefu gani?"

Verlyn aliitazama dari. Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Yeye mwenyewe alikuwa na futi tano na inchi saba. Duane alikuwa mfupi zaidi, na Gordy alitembea ameinama tangu ujana. Walijenga chumba kizuri sana kwa watu wa kimo chao. Alichukua futi kamba, akapima kutoka zulia hadi dari mara tatu. Mara zote tatu ilisema futi sita, inchi tatu na nusu.

"Arlo ana futi sita na inchi nne," alisema.

"Nusu inchi," alisema Marlys.

"Wazee husinyaa."

"Wengine husinyaa."

"Labda naye amesinyaa."

"Au ng'oa zulia."

"La Ardis? Kabla hajaliona limetandikwa?"

Marlys alifumba macho. Kung'oa lolote kulikuwa kumtukana mtu. Zulia lilikuwa la Ardis na la kanisa zima, plaiwudi ya juu na mbao zilikuwa za Gordy, na povu, Mungu atusaidie, lilikuwa la Duane, aliyekuja kila asubuhi kulipapasa. Vya Verlyn mwenyewe vilikuwa plaiwudi moja na nailoni, na nailoni ilikuwa chini ya vyote.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi Verlyn alikwenda kanisani na futi kamba kwenye mfuko wa koti. Baada ya ibada, watu waliposimama na vikombe vya kahawa, alimnyemelea Arlo kwa nyuma, akakanyaga ncha ya futi kamba kwa kisigino, akaivuta juu polepole kufuata uti wa mgongo wa kaka yake. Ilifika utosini, ikamponyoka, ikajirudi kwa kishindo kilichomnyamazisha mchungaji.

"Unanipima jeneza?" aliuliza Arlo, bila kugeuka.

"Hapana. Napima nguzo."

"Nguzo iko kule, Verlyn."

"Naiona."

Alikuwa ameshasoma. Ukiondoa visigino vya viatu, futi sita na inchi nne kamili, na nywele juu yake. Arlo hakuwa amesinyaa hata kidogo, hata baada ya kuanguka.

Chakula cha mchana kilikuwa nyama ya kusaga iliyookwa kwenye supu ya uyoga ya kopo, na viazi juu. Duane, Gordy na Ardis nao walikuja, kila mmoja akasema amepita tu, na kila mmoja alikuwa na bakuli. Walikula wakizungumzia barafu ya ziwani. Kisha Marlys akasema, labda Arlo angependa kuona kule chini. Arlo akasema si lazima. Marlys akasema ni dakika moja tu. Arlo akasema hataki kuwasumbua. Wakashuka wote sita, bila viatu, soksi zikifuatana.

Arlo alitangulia. Mguu wake ulitafuta kipandio cha kumi na mbili, ukashtuka. Akasonga mbele, kichwa kikagonga dari, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akainamisha shingo upande, sikio karibu na bega, kama kuku anayesikiliza, akabaki hivyo.

Watu wote waliona. Hakuna aliyeona.

"Pana joto," alisema Duane. "Povu hilo."

"Pamelala sawa," alisema Gordy. "Leta gololi yoyote."

"Na zulia limepata nyumba," alisema Ardis.

Arlo alizunguka chumba chote na shingo yake hiyo. Aligonga sakafu kwa kisigino mara mbili, akasikiliza. Alitazama friza shimoni kwa muda mrefu. Alitazama kitanda ambacho Marlys alikuwa ametandika kwa shuka mpya, na kando yake kiti cha zamani cha baba yao, ambacho Verlyn alikuwa amekipaka rangi upya.

"Pazuri," alisema, akiliambia bega lake.

Ikawa zamu ya Verlyn. Wiki sita alikuwa akiyapanga maneno, usiku na mchana. Yalipotoka yalitoka kama watoto wanaosukumana mlangoni. "Basi... nilikuwa nawaza tu, kama huna mpango mwingine, na si lazima hata kidogo, lakini kama ingetokea ukataka, pangekuwepo."

Watu watano walishika pumzi. Arlo alimgeukia. Kitu kilimpita usoni, ila uso ulikuwa umelala upande, na Verlyn hakuweza kuusoma.

"Ah, hapana, Verlyn," alisema. "Nitawasumbua."

Ya tatu. Ardis alijishika kifua. Gordy akatazama soksi zake. Marlys ndiye aliyesema, kwa sauti nyembamba, kwamba kuna kahawa juu, na wote wakapanda kuinywa kama waliotoka makaburini.

Kuaga kwa watu wa Nyhus kuna hatua zake. Kwanza Arlo alijipiga magotini kwa viganja akasema, "Haya basi," akakaa nusu saa. Akasimama jikoni robo saa. Akavaa koti, akasimama mlangoni akizungumzia njia. Akatoka hadi barazani. Katika kila kituo Verlyn alimfuata, akikubali kila lililosemwa kuhusu barabara, na moyoni akilia kama mtoto wa miaka minane. Hatimaye Arlo akaingia kwenye gari, akawasha injini, akateremsha kioo, kwa sababu kuna hatua ya kioo pia.

"Shukrani kwa chakula," alisema Arlo.

"Hakuna shida."

"Theluji nyingine inakuja."

"Inaonekana."

"Haya."

Kioo kikaanza kupanda. Na Verlyn Haugrud, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza hata ng'ombe, alikibandika kiganja juu ya kioo kile akakisukuma chini.

"Njoo ukae kwangu!"

Arlo alimtazama. Akazima injini. "Umeshaniuliza mara tatu," alisema taratibu.

"Najua kuhesabu!"

"Hii ni ya nne."

"Ni ya nne! Na ukikataa nitauliza ya tano, na ya sita, nitakuja huko kwenye nyumba ya wazee niulize mbele ya manesi!" Alikuwa amesimama kwenye theluji kwa soksi, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Sitaki uende, kaka. Sikukusudia kusema 'kama huna mpango mwingine'. Sitaki uwe na mpango mwingine. Uliacha shule kwa ajili yangu na mimi hata asante sijawahi kukwambia. Nataka nikiamka nikusikie unakohoa huko chini. Ndicho ninachotaka. Basi."

Katika dirisha la jikoni nyuso nne zilikuwa zimejipanga, na hakuna iliyokumbuka kujificha.

Arlo alishika usukani kwa mikono miwili, akautazama. "Nilidhani hunitaki," alisema.

"Nani kasema?"

"Chumba. Nimeingia, kichwa kikagonga. Si hapa, si pale, chumba kizima. Nikajiambia, mdogo wangu anashindwa kuniambia hapana, kwa hiyo ameijenga."

"Arlo! Ni nusu inchi!"

"Ndiyo. Ingekuwa inchi tatu ningejua umekosea hesabu. Nusu inchi nikaona ni heshima."

Kama ni mtu mwingine angecheka, lakini Verlyn aliona jinsi kaka yake alivyopita chumba chote na shingo iliyopinda, akisema pazuri, akidhani anafukuzwa, na akaona aibu mpaka masikioni. Mficha uchi hazai, na wao wawili walikuwa wameuficha kwa miaka hamsini na minane.

"Povu ni la Duane," alisema. "Mbao na plaiwudi moja ni za Gordy. Zulia la Ardis. Nilishindwa kuwakatalia. Mpango wangu ulikuwa inchi moja na robo."

"Yenye nailoni ya vinundu?"

"Na plaiwudi ya robo tatu. Skrubu za zege."

"Nafasi ukutani?"

"Nusu inchi."

Arlo aliitikia kwa kichwa, akifikiri. "Huo ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili," alisema. Akafungua mlango wa gari, akatoka, akajinyoosha kimo chake chote, akaenda ndani kwa hatua ndefu. Verlyn akamfuata na soksi zake za barafu.

Jikoni watu walijifanya wanapanga vikombe. Arlo hakuvua koti.

"Duane," alisema. "Povu lako lirudishe kwa kuku."

Katika mji huo neno kama hilo lilikuwa halijasemwa na mtu aliye hai.

"Gordy, hizo mbao mbili kwa nne zimekaa juu ya povu kama bata juu ya maji. Nimezigonga, zinacheza. Ningekuwa na mwanafunzi aliyefanya hivyo ningemfukuza. Ardis, asante, zulia lile linanuka watoto. Nakaa hapa mimi. Sitakaa nimepinda shingo mpaka nife ili nyinyi msinune."

Duane aliweka kikombe chake mezani. "Kwa hiyo," alisema, "nikusaidie kung'oa?"

"Hapana."

"Nina mtaimbo kwenye gari."

"Hapana, Duane."

"Upo karibu, nauleta sasa hivi..."

"Duane, hapana!" alisema Verlyn. Lilimtoka lenyewe, zima, bila kikohozi mbele wala nyuma, na akashangaa kuona nyumba bado imesimama. Marlys aliketi kwenye kiti cha karibu akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi Ardis amshike bega.

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo katika nyumba ile hata kifungo hakishonwi, lakini ndugu wale wawili walishuka chini na mtaimbo wa Verlyn. Arlo, mkono mmoja bado hauna nguvu, alipiga magoti pembeni akaanza kubandua zulia, kichwa chake kikiwa na nafasi tele hapo alipokuwa.

"Shika ule upande," alisema. "Si huo. Ule. Mungu wangu, hebu tazama hizi skrubu, umezipiga umefumba macho? Na hii kabari ni kabari au ni kijiti cha meno? Inua. Inua, Verlyn, usibembeleze."

"Nainua."

"Unabembeleza. Miaka yote hii na hujui kushika mtaimbo."

Verlyn alishika pale alipoambiwa, akainua vile alivyoambiwa, akakosea, akakemewa, akarudia. Alikemewa hivyo hadi saa kumi na moja jioni, na tangu baba yao afe hakuwahi kuwa na Jumapili nzuri kama ile.